Mkaja wa Mama Nasra

Mwaka ule wa 2003 kila mtu mjini Lushoto alikuwa fundi wa kompyuta, isipokuwa wale waliozitumia. Mwanahawa mke wa Hamza, ambaye watu walimwita Mama Nasra, alikuwa na chumba chake cha chapa nyuma ya soko, na tangu kompyuta yake ilipotoa moshi na kunyamaza, hakupita mtu mlangoni bila kumwachia ushauri. Muuza pea alisema anunue mpya. Mwalimu mstaafu aliyekuja kuomba gundi alisema anunue mpya. Mama mmoja aliyeleta barua ya kuchapwa alisema shemeji yake wa Dar es Salaam anayo mpya, nyeusi, na inapiga muziki. Mwanahawa aliwajibu wote "Inshallah," kwa sauti ambayo mwenye masikio angeelewa kuwa maana yake ni "niondokeeni."

Kipya kinyemi ingawa kidonda, na miaka ile ya soko huria kila kipya kilikuwa kinapanda mlima kutoka Mombo: redio za Dubai, sufuria zisizoshika ukoko, simu za mkononi ambazo ili uongee nazo ulilazimika kutafuta kilima chenye mtandao. Mwanahawa hakuwa na ugomvi na vipya. Ugomvi wake ni kwamba alijua vizuri kabisa anachotaka, na katika watu wote wale hakuna hata mmoja aliyemuuliza.

Kazi iliyomweka mjini ilikuwa mitihani. Shirika la umma alilolipigia chapa tangu usichana wake lilipobinafsishwa, yeye na wenzake walipunguzwa. Wenzake walirudi kwenye kabichi na karoti, yeye akafungua chumba. Shule za msingi zikaanza kumletea mitihani ya majaribio ya darasa la saba, kwa sababu aliichapa kwa njia ambayo hata shule ya kijijini kabisa ingeimudu. Alikuwa na printa ya sindano, ile inayolia kama paka aliyekanyagwa mkia. Aliutoa utepe wa wino, akaingiza karatasi ya stensili, na sindano zikaitoboa nta herufi kwa herufi. Stensili ikienda kwenye mashine ya kudurufu, kilichobaki ni nguvu za mkono wake wa kulia. Mwalimu alikuja na rimu zake za karatasi asubuhi, jioni akaondoka na mitihani ya watoto wote. Kwa fotokopi wangeuza madawati.

Sasa, printa ile ilisikilizana na programu moja tu, ya zamani, yenye kioo cha buluu na herufi nyeupe, isiyojua hata mausi ni mdudu gani. Ukiiamrisha kwa programu mpya iliitafuna stensili ikabaki matambara. Lakini tangu mwaka ule ofisi ya mratibu elimu ilikuwa inaleta maswali kwenye sidii, yameandikwa kwa programu mpya ambayo mfumo wa zamani haukuweza kuifungua. Kwa hiyo Mwanahawa alihitaji kompyuta moja yenye mioyo miwili. Isome sidii ya kisasa, kisha igeuke ya kale na kuipa printa amri. Iwe na mlango wa disketi, maana maswali yake ya miaka yote yalikuwa kwenye disketi. Na nyuma yake iwe na lile tundu pana la waya wa printa. Basi. Hakuomba iimbe.

Na alikuwa ameshaipata. Alikuwapo fundi mmoja, Alen, Mlutheri wa Bumbuli, aliyekodi kibanda karibu na stendi na kuuza kompyuta za mitumba kutoka Dar. Katika pembe ya kibanda kile lilikaa boksi la kijivu lililoanza kuwa la njano, ubavu mmoja umekwaruzwa kama lililovutwa barabarani. Lilikuwa si la zamani sana wala si la sasa. Lilitengenezwa katika ile miaka ya katikati, wakati watengenezaji walikuwa bado hawajaamua kuvitupa vya zamani. Ukiliwasha, lilikuuliza kwanza: leo unataka mfumo upi, ule wa kale au huu mpya? Mwanahawa alileta sidii, akaleta disketi, akambebesha Alen printa, na wakajaribu kazi yote tangu mwanzo hadi mwisho. Stensili ilitoka safi, kila herufi imekaa mahali pake.

"Mama, hii hakuna anayeitaka," Alen alisema. "Wanaiangalia sura wanapita. Nitakupunguzia."

"Niwekee hapo hapo. Upatu wangu ukizunguka naichukua. Usiifute hata vumbi, asije mtu akaipenda."

Hapo mambo yalikuwa yamekwisha. Yangekuwa yamekwisha, kama si mume.

Wiki ile ile posa ya Nasra ilikuwa imefika mbali. Nasra, binti yao wa pekee, mwalimu wa chekechea, alikuwa amechumbiwa na Salimu, kijana wa Mzee Nassoro wa Magamba, yule mwenye Fuso linaloshusha mboga Dar. Familia njema, watu wa dini, na wenye hadhi inayoonekana tangu barabarani: nyumba ya bati jekundu na mapazia hadi jikoni. Wanaume walikaa kikao cha mahari. Ilipofika zamu ya mkaja, ile haki ya mama aliyembeba bibi harusi tumboni, mshenga aliuliza mama anataka nini. Hamza, ambaye katika maisha yake yote hakuwahi kumnunulia mke wake hata kalamu ya chumba kile, alijikohoza mbele ya wazee na kusema, "Mkaja wa mama uwe kompyuta."

Alirudi nyumbani anatabasamu. "Mama Nasra, mzigo umeshautua."

"Mzigo upi?"

"Kompyuta. Wanaleta wenyewe. Mkaja."

Mwanahawa aliweka mwiko chini. Alitaka kupiga kelele, akakumbuka jirani ni mdaku. "Baba Nasra, mimi kompyuta yangu nimeshaichagua. Umeniuliza?"

"Nimekuokolea upatu wako, unanuna?"

"Kompyuta si mbuzi, kwamba yeyote akiletwa tutachinja!"

Hamza alikaa kitini akisema wanawake hawashukuru. Mwanahawa hakulala vizuri, lakini asubuhi alijituliza. Mkaja ni mkaja, akasema moyoni, ila wa kuuleta ni mshenga, na mshenga ana macho. Akamtafuta Mzee Singano, mzee mpole mwenye kofia ya kufuma, aliyeozesha nusu ya vijana wa tarafa, akampeleka hadi kibandani kwa Alen.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Mzee, mkaja wangu ni huu hapa. Hiki cha kijivu. Si kingine. Hata kikiletwa kingine cha dhahabu, mimi kitanifunga mikono." Akamwonyesha tundu la printa, akamwekea kidole mlango wa disketi, akamwashia aone lile swali la mwanzo. Mzee Singano alitikisa kichwa kila alipopaswa kutikisa.

"Nimeelewa, mwanangu. Hiki hiki. Nitawafikishia wakwe zako kama ulivyosema."

Siku ya kuleta mahari, wanawake wa Magamba walishuka kwa Fuso wakiimba. Mwanahawa alikuwa amevaa doti mpya na amejipaka hina. Mbele alitembea Bi Rehema, mama wa bwana harusi, mwanamke mrefu wa kimo hadi sauti, na nyuma yake wanawake wawili wamebeba kitu kimefunikwa kwa kanga. Kikawekwa katikati ya mkeka. Bi Rehema akaifunua kanga kwa mikono miwili.

Kilikuwa cheusi. Kilikuwa kipya, kinang'aa hata ukaona vigelegele ndani yake, na bado kina ile ngozi ya nailoni isiyobanduliwa. Kioo chake kilikuwa chembamba, kimeinuka kwa maringo. Wanawake walipiga vigelegele hadi kuku wakatoka uani.

"Mama," Nasra alimnong'oneza, akiwa amejifunika ushungi, "si ile."

"Nyamaza. Tabasamu."

Mwanahawa alitabasamu hadi mashavu yakamuuma. Aliinama kama anayestaajabia kazi nzuri, akachungulia nyuma ya lile boksi. Tundu la printa halikuwapo. Palikuwa na vijitundu vidogo vya kisasa, vyembamba, vimepangana. Akapitisha kidole mbele kutafuta mlango wa disketi. Laini tupu. Alisema "Mashallah, mkwe, mmenipa heshima," na ndani ya kifua chake kitu kilikuwa kinasaga meno.

Kesho yake alimwita Alen, wakabandua nailoni. Ile mashine ilikuwa nzuri, haki yake ipewe. Ilisoma sidii ya mratibu kabla hujapepesa macho, maswali yakajipanga kiooni kwa rangi. Na yakaishia hapo. Printa ya sindano ilikaa pembeni, waya wake mnene mkononi mwa Alen, hakuna pa kuuchomeka.

"Kuna kiwaya cha kuunganisha, kinauzwa Dar," Alen alisema. "Lakini nikuambie ukweli, mama, kile kinaisaidia programu mpya tu. Hii yako ya buluu inatafuta tundu lenyewe. Isipolikuta, haisemi neno. Na programu mpya stensili inazichana, uliona mwenyewe."

"Kwa hiyo ninayo kompyuta bora kuliko zote Lushoto."

"Ndiyo, mama."

"Na siwezi kuchapa hata swali moja la hisabati."

Alen aliuzungusha ule waya mkononi. Alikuwa kijana mwenye adabu.

"Basi lile la kijivu. Nitalinunua kwa upatu wangu. Mkaja ukae, kazi iende."

Alen alijikuna shingo. "Mama, lile lilichukuliwa. Alikuja Mzee Singano na dereva wa Fuso, wakalipakia. Mimi nikajua ndio mkaja wako. Na mzigo mwingine haufiki kabla ya mtihani."

Mwanahawa alikaa kwenye stuli. Mtihani wa majaribio ulikuwa wiki inayofuata. Mratibu alikuwa amemwambia kwa upole, lakini akamwambia: mwaka huu stensili zisipotoka, kazi yote inateremka Korogwe, na kazi ikiteremka mlima huwa haipandi tena. Alikitazama chumba chake, mashine ya kudurufu, kiti alichokalia tangu alipopunguzwa, akaona jinsi atakavyofunga mlango na kumwomba Hamza pesa za chumvi. Aliyaapia macho yake yasitoe chozi, yakatii kwa shida.

Alimfuata Mzee Singano msikitini, akamngoja nje hadi alipotoka. Mzee alipomwona alianza kuvaa viatu polepole mno.

"Mzee, lile la kijivu liko wapi?"

"Mwanangu, mjumbe hauawi."

"Simuui mtu. Nauliza."

"Mimi nililipeleka. Wallahi nililipeleka, na maneno yako yote nikayasema, la tundu na la disketi. Mzee Nassoro alikubali, kijana naye akakubali. Kisha akaja mama mwenye nyumba. Akalizunguka, akauona ule mkwaruzo. Akasema: 'Hiki? Mtoto wa watu tumtolee mkaja wa mtumba? Lushoto nzima iseme Nassoro ana Fuso na mkewe kapeleka kopo?' Kijana akaagizwa Dar akaleta jipya. Nami nikaambiwa nisitoe neno."

"Na la kijivu?"

"Lipo kwao. Sijui wanalifanyia nini."

"Mzee wangu, nenda kaniombee. Waambie wanipe lile."

Mzee Singano alisimama wima kwa mara ya kwanza. "Nikaseme nini, Mama Nasra? Kwamba mkaja mmoja haukutosha, mnataka wa pili? Au kwamba mnaurudisha? Mkaja ukirudishwa posa imevunjika, hilo hata mtoto analijua. Mimi siwezi kuipeleka sentensi hiyo."

Hapo ndipo hasira ya Mwanahawa ilipogeuka kuwa kitu kingine. Hadi siku ile alikuwa anaililia kazi yake. Njiani kurudi alianza kumwaza Nasra. Nyumba inayoficha kitu cha kazi kwa sababu kina mkwaruzo, mwanangu ataishije ndani yake? Siku akichoka, siku kanga yake ikipauka, siku akiugua akakonda, atasema kwa nani? Au naye watamfunika kitambaa, wageni wasimwone? Alifika nyumbani Nasra anachambua mchicha.

"Mama, nimwambie Salimu?"

"Bibi harusi haulizii mkaja wa mama yake. Utaanza ndoa na jina la uchoyo."

"Sasa tutafanyaje?"

"Wewe chambua mchicha."

Asubuhi iliyofuata alifanya jambo ambalo mwanamke wa milimani mwenye akili zake halifanyi: alipanda Magamba kwa miguu, peke yake, bila mwaliko, kwenda kwa mkwe kabla ya ndoa. Ukungu ulikuwa haujainuka. Kila aliyekutana naye alimsalimu "Onga mshi" kisha akageuka kumtazama anakokwenda, na Mwanahawa alijua kabla ya adhuhuri habari itakuwa imeshuka mjini ikamtangulia kurudi.

Bi Rehema alimpokea kwa mshtuko ulioficha meno yake. Hodi, karibu, za nyumbani, Baba Nasra hajambo, mtoto hajambo, mvua vipi huko chini. Akaingizwa sebuleni. Na hapo, kabla hajakaa vizuri, akakiona. Kwenye pembe, chini ya kitambaa cheupe cha kufuma kwa mkono chenye maua ya waridi, lilikaa boksi la kijivu. Ubavu wenye mkwaruzo ulikuwa umegeuziwa ukutani. Juu yake palikuwa na chombo cha maua ya plastiki.

Chai ilikuja na mihogo ya kukaanga. Waliongea kuhusu kabichi na bei ya mbolea. Waliongea kuhusu watoto wa siku hizi. Mwanahawa alikunywa chai bila kuyatoa macho kwenye maua yale ya plastiki, na kila alipolitafuta neno la kuanzia, adabu ilimziba mdomo. Alijichukia. Mitihani ya shule zote zile ilikuwa imekaliwa na ua ambalo hata halinywi maji.

"Na mkaja wetu?" Bi Rehema aliuliza, huku akijua anachouliza ni sifa. "Unafanya kazi vizuri?"

Ilikuwa rahisi sana kusema ndiyo. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi.

"Mkwe wangu," Mwanahawa alisema, "mkaja ule ni mzuri kuliko kitu chochote nilichowahi kupewa. Na kazi yangu haufanyi hata moja."

Sebule ilipoa. Bi Rehema aliweka kikombe chini. Uso wake wote ulifungika.

"Kwa hiyo umekuja kurudisha."

"Sirudishi. Mungu aniepushe. Nimekuja kukuuliza jambo, wewe ni mama mwenzangu." Mwanahawa alisogeza kikombe chake pembeni. "Salimu ni kifungua mimba wako?"

"Ndiye."

"Ulipojifungua, walikufunga mkaja wa kanga gani?"

Bi Rehema alimtazama kama anayetafuta mtego uko wapi. "Kanga. Kanga ya kawaida."

"Mpya?"

"Mpya wapi!" Ilimtoka kabla hajaichunga. "Mpya ina wanga, si ingenichubua tumbo lote? Nilifungwa ya mama yangu, imefuliwa mpaka maandishi hayasomeki. Laini kama..." Akaishia hapo.

"Na mimi hivyo hivyo, nilipompata Nasra. Mama alinifunga kanga iliyochoka. Mashangazi walileta mpya, nzuri, akazikunja akaziweka kabatini, wageni wakaziona. Tumboni aliniwekea ile ya zamani, kwa sababu ndiyo iliyoshika bila kuumiza." Akanyoosha kidole, hatimaye, kuelekea kwenye kile kitambaa cheupe. "Mkwe, ule mweusi mlioniletea ni kanga ya kabatini. Mimi bado nina tumbo halijafungwa. Shule zinaningoja, na wa kunifunga ni yule pale, mmemwekea maua kichwani."

Bi Rehema alilitazama boksi, akamtazama Mwanahawa, akalitazama boksi tena. Mwanahawa alifikiri: nimemwozesha binti yangu na nimemwachisha, asubuhi moja, kwa chai moja.

"Ile pembe ilikuwa tupu," Bi Rehema alisema polepole. "Nikasema angalau lishike maua." Kisha bega lake likaanza kutikisika. Alicheka kwanza kwa kujizuia, baadaye akashindwa, akacheka hadi akajifuta macho kwa upindo wa kanga. "Mimi Rehema! Nimemwagiza mtoto Dar, nimemfunga mdomo mzee wa watu, kumbe nimepeleka wanga!"

"Ni wanga mzuri sana, mkwe."

"Nyamaza wewe. Na hukusema! Siku ile ulinichekea mpaka gego la mwisho nikaliona."

"Ningesemaje, na vigelegele vile?"

"Ungesema." Bi Rehema aliacha kucheka. "Sikiliza nikuambie. Mimi nilipokuja hapa kama bibi harusi, mama mkwe wangu alinipikia magimbi yenye chumvi ya kuua ng'ombe. Nikasema matamu. Nimeyala magimbi yale miaka kumi na moja, mpaka alipofariki. Mtoto wako akija hapa, chumvi ikizidi aseme. Mwambie nimesema mimi."

Mwanahawa aliitikia kwa kichwa, na machozi aliyoyanyima ruhusa tangu chumbani kwake, mbele ya Alen, yalijitokea yenyewe.

Bi Rehema aliondoa maua, akavuta kitambaa, akalipangusa boksi vumbi kwa kiganja. Kisha akawa mke wa Mzee Nassoro tena. "Ila halitoki hapa likionekana. Fuso limekwenda Shume kupakia, na barabara ina macho. Na ule mweusi usiutoe kule mbele."

"Utakaa mbele, watu wauone. Huu utafanya kazi nyuma."

"Hata majumbani ndivyo ilivyo," alisema Bi Rehema, na kuingia chumbani.

Alitoka na kanga moja ya kale, rangi imekwenda, pindo limeshonwa upya. Akamwambia Mwanahawa ainame. Akalipandisha boksi mgongoni mwake, akalizungushia kanga, akaivuta kwa nguvu za mtu aliyebeba watoto saba, na kufunga fundo kifuani.

"Inabana?"

"Haibani."

"Inashika?"

"Inashika, mkwe."

Mwanahawa aliteremka Magamba na mzigo mgongoni, kichwa mbele, miguu ikitafuta mawe kwenye tope. Boksi lilimgonga mbavu kila hatua, akalilaani kwa Kishambaa na kwa Kiswahili, akaulaani mkwaruzo wake, akamlaani Hamza na kikao chake, na Mzee Singano na viatu vyake. Mwanamke mmoja aliyekuwa anapalilia viazi aliinuka akamwita, "Hongera, mama! Mtoto wa nani huyo?"

"Wa mkwe!" Mwanahawa alijibu bila kusimama.

"Mbona halii?"

"Atalia kesho, Inshallah, akitiwa stensili!"

Nasra alikuwa mlangoni mwa chumba cha chapa, amengoja hata ushungi umelowa kwa ukungu. Alilipokea boksi kwa chini mama yake alipolifungua fundo, wakalishusha mezani, kando ya ile mashine nyeusi iliyokuwa inang'aa kwa upole kama mgeni asiyejua amekosea nyumba.

Kanga ilibaki mikononi mwa Nasra. Aliigeuza, akatafuta jina lililoandikwa, halikusomeka.

"Ya nani hii?"

"Ya mama mkwe wako. Shika hapa katikati uone ilivyo laini." Mwanahawa aliunyoosha mgongo, ukalia. "Anasema chumvi ikizidi useme."

Nasra aliishika kanga, akaisogeza usoni. Mama yake alikuwa ameshainama nyuma ya boksi, anautafutia waya wa printa tundu lake.

"Haya, weka hiyo chini," alisema. "Toa utepe, uniletee stensili. Watoto wa watu wana mtihani."